Sisi tunaoyeyusha betri nyumbani

Mhariri,

Daktari alipotuambia kwamba mjukuu wetu ana risasi mwilini, mke wangu alipiga yowe hadi watu waliokuwa kwenye foleni wakainuka. "Nani amempiga mtoto wangu?" Ikabidi aelezwe kwamba si risasi ya bunduki, ni madini, ile metali laini ya kijivu iliyomo ndani ya betri ya gari. Mimi sikuhitaji kuelezwa. Kwa miaka 19 nimekuwa nikiiyeyusha hatua nane kutoka mlango wa jikoni.

Nashona na kuuza nyavu hapa Dunga, Kisumu, na hadi mwaka jana nilikuwa pia fundi wa chubwi, vile vizito vinavyofungwa chini ya wavu ili uzame. Mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na siku hizi taa zake nyingi hazitumii mafuta ya taa, zinatumia betri. Betri ikifa haitupwi. Ilikuwa inaletwa kwangu au kwa mwenzangu, pamoja na za matatu, za tuktuk na za sola. Naipasua kwa shoka, maji yake yanaishia mtaroni, pleti nazigongagonga mpaka ule unga wake udondoke, kisha naziweka kwenye sufuria kuukuu juu ya makaa. Risasi haisumbui. Ikifika nyuzi 327 imekuwa maji. Nachota kwa kijiko cha kupakulia, namimina kwenye mchanga niliouchimba vishimo kwa kidole. Zile ndogo nilikuwa nazibana kwenye kamba kwa meno.

Mtoto ana miaka minne. Mama yake anafanya kazi Nairobi, kwa hivyo tunaye sisi. Nikifanya kazi alikuwa anachuchumaa kando yangu, anazipanga chubwi zilizopoa msururu na kusema hizo ni matatu za Kondele. Akichoka anakula ndizi kwa mikono ileile. Jioni nikirudi kutoka ufuoni ananirukia kifuani, "Kwara! Kwara!", yaani babu, na shati langu limejaa vumbi la siku nzima.

Alianza kulia tumbo. Akafunga choo siku tatu, nne. Akapauka. Tukampa dawa ya minyoo, na tena dawa ya minyoo. Jirani mmoja akashikilia kwamba hiyo ni sihoho, jicho baya, kuna mwanamke alimtazama akila, na mke wangu nusura avunje urafiki wa miaka mingi kwa ajili ya maneno hayo. Lililonitia hofu zaidi ni kwamba mtoto aliyekuwa akiimba nyimbo zote za chekechea alianza kuzisahau katikati. Anasimama, anatazama chini, anaondoka.

Katika wote waliomtibu, ni daktari mmoja kijana tu aliyeniuliza, "Mzee, hapo nyumbani mnafanya kazi gani?" Damu ikatolewa, ikapelekwa Nairobi, tukangoja wiki tatu. Ikarudi mikrogramu 31 kwa desilita. Nikauliza kama hiyo ni nyingi. Akasema Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara kiwango kikifika 5, na kwamba hakuna kiasi chochote cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Naomba wazazi wenzangu wanisikilize hapa, kwa sababu mimi nilidhani sumu ni kitu kinachoua papo hapo. Risasi ina subira. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi mifupani, na humo hukaa miongo. Mama akishika mimba, ile aliyoihifadhi tangu utotoni hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Na ikimezwa, mtoto mdogo huinyonya mara nne au tano kuliko mtu mzima, ndiyo maana vumbi lilelile lililoniacha mimi nikitembea lilimlaza mjukuu wangu. Ipo dawa ya kuivuta kutoka mwilini, lakini kwa mtoto inapendekezwa kiwango kikifika 45, na hairudishi kilichokwisha kuharibika kwenye ubongo. Yeye aliandikiwa chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, na mimi nikaambiwa nizime jiko. Kwa kalsiamu daktari alitaja omena. Sisi wawili tulitazamana, mke wangu na mimi.

Kenya hii ikitajwa sumu ya risasi, watu hukumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wanakijiji hadi mwanaharakati, mama Phyllis Omido, akasimama nao. Kesi ilizungushwa miaka mingi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha fidia ya Sh1.3 bilioni. Nilifurahi niliposikia. Lakini kiwanda kina lango na bomba la moshi, na mkaguzi anaweza kukinyooshea kidole. Moshi wangu ulitoka kwenye jiko la makaa chini ya mwembe. Nani angenishtaki, mjukuu wangu?

Kijana wangu alinisomea kwenye simu habari za Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal. Huko nako watu walikuwa wakivunja betri majumbani na kuchekecha udongo wake watafute risasi ya kuuza. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 walifariki watoto 18. Hakukuwa na kampuni kubwa ya kulaumu. Walikuwa watu kama mimi, wanaotafuta unga wa jioni.

Mafundi wenzangu huniuliza, "Mbona wewe hujafa?" Swali hilo limenichosha. Nina presha, na risasi ni mojawapo ya vitu vinavyoipandisha kwa watu wazima. Isitoshe, siandiki kuwaombea wakamatwe. Askari akija kufukuza vijana wa skrapu, watahamisha sufuria kutoka uani na kuipeleka ndani ya nyumba, na hapo ndipo itakuwa balaa kweli.

Kuna njia nyingine. Babu zetu walifunga mawe. Mimi nilijaribu saruji, lakini saruji ni nyepesi majini. Ili upate uzito uleule chubwi inakuwa kama kiazi, inakwama kwenye magugu na wavuvi wananirudishia. Sasa nanunua nati zilizochakaa kutoka gereji, kwa kilo. Tundu tayari lipo, unapitisha kamba basi. Zinashika kutu, kweli, na wateja wawili wamenihama. Waliobaki hawajalalamika kuhusu samaki.

Kwa kamati ya ufuo wetu, na za fuo nyingine hadi Usenge, ombi langu ni dogo: betri isipasuliwe mahali penye watoto, na mvuvi aulize chubwi anayonunua imetoka wapi. Kwa Kaunti: damu ya mtoto wa Kisumu isisafiri hadi Nairobi ndipo tujue anaumwa nini, na wauguzi wa kliniki za watoto wafundishwe lile swali moja la kazi inayofanyika nyumbani. Halafu wauzaji wa betri. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka anayeleta bidhaa sokoni aubebe pia mzigo wa taka zake. Basi duka linaloniuzia betri mpya lichukue ile mfu, kwa bei inayomshinda mtu wa skrapu. Mvuvi hana mapenzi na betri mfu. Ataipeleka penye pesa.

Kiwango cha risasi cha mjukuu wangu sasa kimeshuka hadi 22. Wimbo mmoja ameumaliza wiki iliyopita, akasahau ule wa pili. Shati la kazi nalivua nje na halifuliwi pamoja na nguo zake.

Limebaki jambo moja, na kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Daktari alisema udongo wa chini ya mwembe uondolewe. Nikaulowesha vumbi lisiruke, nikaukwangua kina cha kiganja, nikajaza magunia sita. Yako nyuma ya choo, nimeyafunika kwa turubai na kuyawekea mawe. Nimeuliza ofisi mbili, moja ikanielekeza kwa nyingine. Jalalani kuna watoto wanaookota chupa, na ziwani tunavua. Mvua za masika ziko njiani. Naomba mwenye mamlaka anijibu kupitia ukurasa huu: niyapeleke wapi?

Mshona nyavu,
Dunga, Kisumu