Malalamiko Kuhusu Picha Nane Zilizoondolewa Giza Lake

Mpiga picha,
Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kusafisha Picha,
Mombasa.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: PICHA NANE ZILIZOBADILISHWA BILA IDHINI YANGU

Nakuandikia kulalamikia kazi ya tawi lenu la katikati ya mji. Nilileta faili nane zisafishwe kwa kipimo cha inchi 8 kwa 12, karatasi isiyong'aa. Nilichokabidhiwa sicho nilichokileta. Picha zote zimetiwa mwangaza na kubadilishwa rangi, na moja imekatwa. Hakuna aliyeniuliza, wala fomu ya oda haisemi popote kwamba mnafanya hivyo.

Nilipouliza kaunta, mhudumu alinijibu kwa adabu, "Zilikuwa na giza sana, tukakusaidia." Simlaumu yeye, ndivyo alivyoelekezwa. Lakini shida yote imo ndani ya jibu hilo, kwa hivyo naomba unipe nafasi nieleze lile giza lilikuwa la nini.

Mimi hupiga picha za vitu vilivyotulia, vyombo vya nyumba zetu za Mji wa Kale: dele la kahawa na vikombe vyake, kandili, mbuzi ya kukunia nazi, kawa, sahani ya tende. Situmii flashi wala taa za studio. Natumia mwanga ninaoukuta chumbani. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na katika chumba hicho jua haliingii dirishani moja kwa moja. Hupiga kwanza ukuta wa chokaa wa nyumba ya pili, kisha mwanga wake ukarudi kwetu ukiwa umepoa. Huja kwa upande mmoja tu. Hushika shavu moja la dele, na shavu la pili likapotea kabisa. Nafunga ubao mmoja wa dirisha, nauacha wa pili wazi kidogo, nasogeza kikombe, natazama tena. Kamera iko juu ya stendi, wepesi wake wa kushika mwanga nimeushusha (ISO 100), tundu la lenzi nimelibana (f/8), na shata, kile kizibo kinachofunguka kuingiza mwanga, hukaa wazi kwa sekunde kadhaa. Weusi ulio nyuma ya lile dele niliupanga kama nilivyovipanga vikombe. Ndio unaofanya shaba ionekane nzito na kahawa ionekane moto.

Katika picha mliyonipa, weusi huo umekuwa kijivu chenye vidoadoa. Waya wa umeme uliopita ukutani, ambao kivuli kilikuwa kimeuficha, sasa ndio kitu cha kwanza ambacho jicho linakiona.

Ya kandili imeniuma zaidi. Niliipiga wakati wa magharibi, dirisha likiwa bado na buluu ya mbingu na utambi ukiwaka rangi ya machungwa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na kadiri namba inavyopungua ndivyo rangi inavyokuwa ya machungwa zaidi: moto wa namna hiyo ni karibu 1,900, na mwanga wa mchana karibu 5,500; tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe. Sisi hapa Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua hutua karibu wima na usiku hauchelewi, kwa hivyo dakika ambazo dirisha na kandili hulingana nguvu ni chache mno. Mashine yenu iliiona ile rangi ya machungwa ikaihesabu kuwa kosa. Moto umetoka mweupe, tende zimepoteza wekundu wake, na dirisha limekuwa la buluu kali isiyopatikana angani saa yoyote. Yeyote aliyekulia nyumba yenye kandili atajua mara moja kwamba picha hii inasema uongo.

Najua mashine za kusafisha picha zinavyofanya kazi. Huchukua wastani wa mwanga wa picha nzima na kuuvuta kuelekea kijivu cha katikati, na rangi vilevile huvutwa hadi isielemee popote. Kwa picha ya arusi au ya pasipoti, hilo huenda likafaa. Kwa picha ambayo sehemu yake kubwa ni kivuli, na iliyokusudiwa hivyo, ni uharibifu. Na marekebisho hayo yanaweza kuzimwa. Tawi lenu hilohilo lilinisafishia picha ileile ya dele kwa kipimo kidogo kabla ya oda hii, ikatoka sawasawa. Nimeiambatanisha uilinganishe na hii kubwa.

Msimamizi niliyezungumza naye kwa simu alisema picha za vitu zisizopigwa kwa taa za studio ni za kujifunzia tu. Naikataa kauli hiyo. Louis Daguerre alipiga picha ya vitu vilivyopangwa ndani ya chumba mwaka 1837, miongo kadhaa kabla ya taa ya umeme kuingia studio yoyote. Mwanga uliopo ndio ulioanzisha kazi hii ambayo sote tunakula kwayo, nyinyi na mimi.

Kuhusu picha ya mbuzi na nazi, maneno hayahitajiki mengi: mmeisafisha inchi 8 kwa 10, na sehemu moja kati ya sita ya urefu wake imekwenda pamoja na kifuu kilichokuwa pembeni.

Picha hizi zimeagizwa na mwenye mkahawa wa hapa mtaani, ambaye amezikataa, na ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazozihitaji. Mimi sikupewa chochote kati ya hivyo viwili.

Naomba zote nane zisafishwe upya kwa gharama yenu, marekebisho yote yakiwa yamezimwa, kwa kipimo nilichoagiza, nami niwepo ya kwanza inapotoka. Ikishindikana, nirudishiwe pesa zangu kwa M-Pesa, kwa nambari iliyo kwenye risiti. Naomba pia fomu yenu iongezwe kisanduku cha mteja kuweka alama kwamba picha yake isiguswe. Wapiga picha wanaofanya kazi kwa mwanga wa dirisha hapa mjini ni wengi, na wengi wao hudhani kosa ni la kamera zao.

Picha zilizoharibika nimeziacha kaunta, na mhudumu ametia sahihi nakala ya risiti kuthibitisha amezipokea. Nasubiri jibu lako la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Mji wa Kale