Mafuta ya jua katika maji ya mapangoni

Jambiani, Unguja

Kwa rafiki yangu Maalim Hamad,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia, na swali lako, kama wageni wanaooga mapangoni wakiwa wamejipaka mafuta meupe ya kujikinga na jua wanayadhuru maji, nimelipokea kwa furaha. Huku shamba kila mtu ana jibu lake, na lililozoeleka ni kwamba mafuta yenye chembe za oksidi ya zinki au dioksidi ya titani hayana neno kwa kuwa ni madini. Mimi naliona jibu hilo ni fupi mno, kwani madhara ya chembe hizo huamuliwa zaidi na maji zinamoingia.

Chembe tunazozizungumzia, ziitwazo chembe za nano, zina upana usiozidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na zikiwa ndogo kiasi hicho eneo la uso wake huwa kubwa mno kulinganisha na uzito wake. Hapo ndipo madini haya mawili yanapoachana njia. Dioksidi ya titani karibu haiyeyuki kabisa, ilhali oksidi ya zinki huyeyuka na kutoa ayoni za zinki, yaani atomi za zinki zenye chaji ya umeme, na maji yakielekea kwenye asidi ndivyo inavyozidi kuyeyuka. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walionesha kwamba miani midogo ya maji baridi ilipunguza ukuaji wake kwa nusu penye zinki ya mikrogramu 60 hivi kwa lita. Sumu ya chembe za nano ilikuwa sawa na ya zinki ya kawaida iliyoyeyushwa, na wakahitimisha kwamba kilichodhuru ni ayoni, si udogo wa chembe.

Sasa tazama maji yetu. Visima na mapango ya huku yamo ndani ya mawe ya matumbawe, na ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika unakuonesha wingi wa kalsiamu iliyomo. Kwa kawaida chembe zenye chaji ya aina moja husukumana, na hivyo huelea kila moja peke yake. Lakini kalsiamu hufifisha chaji hasi za juu ya chembe, na msukumano ukishapungua chembe hushikana, huwa madonge, na kuzama. Kwa hiyo mwenye kuchota maji ya juu akapima titani na asiione, asifurahi upesi, kwani huenda imo topeni, wanakokula wadudu wa chini.

Kwenu Pemba mambo yanaweza kuwa tofauti. Maji ya vijito yaliyopita juu ya majani yanayooza, kama yale ya upande wa msitu wa Ngezi, hubeba mabaki ya mimea yaliyoyeyuka ambayo huzivika chembe utando mwembamba wenye chaji hasi, zikaelea muda mrefu na kwenda mbali, hasa pale kalsiamu inapokuwa chache. Kisha kuna jua: dioksidi ya titani ikipigwa na miale ya urujuanimno huzalisha aina za oksijeni zenye ukali unaochoma seli. Watengenezaji huifunika kwa madini mengine, alumina au silika, ili kuizuia, ingawa kifuniko hicho huweza kuchakaa majini. Ndani ya pango lenye giza hilo halinisumbui sana. Katika bonde la mpunga lililo wazi ningelifikiria. (Zinki inayofika kwenye tope lisilo na hewa, kwa upande wake, huweza kuungana na salfa na kugeuka salfidi, ambayo ni ngumu kuyeyuka.)

Umesema wanafunzi wako wanataka kupima. Titani ina mtego wake, kwa sababu udongo wenyewe unayo ya asili, na hata watafiti waliochunguza ziwa la kuogelea la Old Danube kule Vienna, wakachapisha matokeo mwaka 2014, walilazimika kulinganisha uwiano wa titani na metali nyingine ili kutambua iliyotoka kwa waogaji. Anzeni na zinki. Chukueni maji kabla ya msimu wa wageni na wakati wa msimu, pamoja na tope la chini, na mwandike pH (kipimo cha asidi) na ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu, siku hiyo hiyo. Na mkumbuke kwamba chujio la kawaida la maabara, lenye matundu ya mikromita 0.45 (yaani nanomita 450), hupitisha chembe za nano bila shida, kwa hiyo kinachopita humo msikiandike kuwa ni zinki iliyoyeyuka.

Nisalimie wa nyumbani wote.

Wasalaam,
Rafiki yako, Makame