Geji 10 ya muuza duka na geji 10 ya ng'ombe wangu

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, nina jambo linaniwasha toka mwezi wa tatu na kila nikilisema huku mtaani watu wananicheka wanasema mama na wewe, waya tu?

Mi naishi Tukuyu, nafuga ng'ombe watatu wa maziwa na nguruwe kidogo. Zamani nilikaa stoo ya spea kwenye kiwanda cha chai miaka kumi na tisa, kwahiyo vitu vya bolti, beringi, mkanda, waya, nilikuwa navishika kila siku, na hiyo ndo aibu yenyewe, kwamba mtu niliyetoka stoo nimekuja kupigwa na waya wa uzio. Au tuseme sikupigwa, subiri nieleze.

Nilitaka kuzungushia kipande changu cha majani ya ng'ombe. Nikaenda duka moja la vifaa vya ujenzi, sitalitaja, nikasema nataka waya wa kuzuia kutu, geji 10 (geji ni namba ya kutajia unene wa waya), rola la kilo 25. Kijana akanitolea chap, limefungwa vizuri, linang'aa kama sufuria mpya, nikalipa hela ambayo ni ya maziwa ya karibu miezi miwili, nikapakia kwenye bajaji nikaondoka. Fundi akaja akasimamisha nguzo za mkaratusi, akavuta mistari minne, uzio ukapendeza. Wiki ya tatu yule ng'ombe mkubwa akauegemea tu, hakuruka, hakupiga teke, aliegemea kama mtu anavyoegemea kaunta akisubiri chenji, waya ukanyooka ukalegea akapita zake, akaenda kumaliza maharage ya mzee wa jirani yangu. Mzee yule ni mstaarabu lakini maharage ni maharage.

Nikakata kipande nikakipima na venia yangu ya zamani, kile kifaa cha kupimia unene, ikasoma milimita 2.6. Nikasema hapana. Geji 10 niliyoijua mimi stoo ni milimita 3.25, ile ya Kiingereza ambayo kwao ilianza kutumika kisheria mwaka 1884. Nikarudi dukani na kipande changu na venia yangu mkononi, nimevaa kitenge cha ugomvi.

Kijana hakugombana. Aliniita mama vizuri tu, akatoa simu akafungua chati, akanionyesha, mama tazama, geji 10 ni milimita 2.59, ndo hiyo hiyo. Na kweli imeandikwa hivo! Kumbe chati ile ni ya geji ya Marekani, ambayo kwao wanaitumia hasa kwa waya wa kopa (shaba) na alminiamu za umeme, sio kwa waya wa chuma wa uzio. Ya Kiingereza geji 14 ni milimita 2.03, ya Kimarekani geji 14 ni 1.63, na hiyo 1.63 ukirudi kwa Mwingereza anaiita geji 16. Yaani namba moja watu wawili, kila mtu na ya kwake, na zote zinaenda kinyumenyume kwamba namba ikipanda waya unakuwa mwembamba (wazee wa kazi walikuwa wanasema ni kwa sababu waya unavutwa kwenye matundu, kila tundu dogo kuliko la kwanza, kwahiyo namba kubwa ni waya uliopita matundu mengi).

Nikamwambia mwanangu basi tupime uzito. Tukapima rola lingine la aina ile ile lililokuwa pale, kilo 25 kamili, hata gramu haikupungua. Akasema unaona mama, tena umepata mita nyingi zaidi. Na hapo alinishinda kabisa kwa sababu ni kweli, waya wa 3.25 mita moja ina kama gramu 65, kilo 25 unapata mita 380 na kitu, huu wa 2.6 mita moja ni gramu 41 au 42 hivi kwahiyo unapata kama mita 600. Sasa ng'ombe hahesabu mita. Ng'ombe anasukuma, na nguvu ya waya iko kwenye unene wa ule mduara ukiukata, na ukitoka 3.25 kuja 2.6 kwa macho unaona tofauti ni kidogo tu lakini chuma kilichopotea kwenye ule mduara ni zaidi ya theluthi. Sikuibiwa, Mhariri, na bado ng'ombe katoka. Na mwenye duka anayeuza kwa mita badala ya kilo, hapo ndo mteja anaumia vizuri sana.

Kwahiyo ombi langu ndo hili, maduka ya Mwanjelwa, Makambako, Mafinga, kote huku kwetu, waandike milimita kwenye lebo waachane na geji, na wenzetu wa TBS (Shirika la Viwango) na Wakala wa Vipimo wakiweza kutusaidia kwa hilo tutashukuru. Venia ya kawaida ya plastiki sio kitu cha bei, iwekwe kwenye kaunta karibu na mizani.

Ukiwa huna venia usikubali kuondoka hivi hivi. Omba kipande, kizungushie kwenye nondo ya milimita 12 mizunguko kumi iliyobanana isiwe na nafasi, pima urefu wa ile mizunguko yote kwa rula gawa kwa kumi. Ikija sentimita tatu na robo una 3.25. Ikija mbili nukta sita ndo huo huo wa kwangu.

Na hiyo mizunguko usiitupe, itazame kwa karibu. Zinki, lile tabaka la juu la kuzuia kutu, ikiwa nzuri waya ukikunjwa haibanduki, inabaki imeshika. Ile mbaya inaacha mistari kama rangi ya kucha ya wiki mbili, ukipitisha ukucha inatoka unga. Kung'aa sio sifa, Mhariri, hapa watu wengi wanapotea, waya uliochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka mara nyingi unakuwa na rangi ya kufifia kidogo, kijivujivu, na ule unaong'aa kama kioo mara nyingi ni wa kupakwa zinki kwa umeme, tabaka lake ni jembamba sana. Huko Dodoma unaweza kukaa nao. Rungwe kwetu mvua haijui likizo, zinki inajitoa yenyewe iliwe ili chuma kisiliwe, sasa ikiwa ni nyembamba italiwa ikaisha halafu kutu inaanza.

Mi nilitaka uhakika nikafanya jaribio la stoo. Nilichukua mrututu, ile dawa ya bluu yenye kopa, nikayeyusha kwenye maji kwenye kikombe cha plastiki, nikachovya kipande dakika moja, nikatoa nikasuuza nikafuta na kitambaa, nikachovya tena. Zinki ikiwepo unapata weusi unaofutika. Zinki ikiisha chuma kinapata wekundu wa kopa, unang'aa na haufutiki. Waya wangu mpya wa dukani ulipata mabaka mekundu dakika ya kwanza tu. Nikachukua kipande cha uzio wa zamani kilichokuwa nyuma ya banda kinashikilia kopo la maji ya kuku, cha miaka mingi hicho, kikaenda mara ya nne ndo kikaanza kuona haya. Nilikaa chini nikacheka. (Mrututu ni sumu jamani, usimwage kuku wanapokunywa.)

Sasa kuna kosa lingine ambalo naliona kila kijiji, watu wanachukua ule waya mweusi wa kufungia nondo wanafanya uzio kwa sababu ni rahisi na unakunjika kwa mkono. Unakunjika kwa sababu umechomwa makusudi ukapozwa taratibu, ule ni waya uliolainishwa ili fundi nondo akiusokota kwa plaizi mara mbili tatu ubane usikatike. Kazi yake ndani ya zege, na ndani ya zege saruji inaulinda na kutu. Ukiuweka nje unavutika kama chingamu na mvua mbili tu una rangi ya udongo. Na kinyume chake pia, nimemwona fundi Uyole anafungia nondo kwa waya mgumu wa uzio uliobaki, unakatika kila akisokota anatukana waya.

Halafu wenzangu wa parachichi. Njombe na Rungwe tumepanda parachichi mpaka kwenye uwanja wa mpira, sawa, lakini kuna mtu anafunga mche kwenye mti wa kushikilia kwa waya, anasahau, mti unanenepa, waya unazama ndani ya ganda, mwaka wa tatu tawi linakauka anasema ni ugonjwa. Tuna kamba ya mgomba kila ua, bure, inaoza yenyewe kazi yake ikiisha. Ukilazimika waya basi pitisha kipande cha mpira wa baiskeli.

Na wachoma mishikaki, nawapenda sana, lakini ule wavu wa waya wenye zinki haukutengenezwa kukaa juu ya mkaa mwekundu, zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 420 na jiko likipulizwa vizuri linafika. Tafuteni wavu wa chuma cha pua, ni ghali mara moja.

Umeme niuguse kidogo ingawa ungestahili barua yake. Huko nako watu wanataja namba bila kujua ni namba ya nini. Waya wa 1.5 wa taa na 2.5 wa soketi, ile sio unene kama wa uzio, ni eneo la ule mduara, milimita za mraba. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja ukiupima kwa venia unatakiwa usome kama 1.78, na ule wa nyuzi saba kila uzi 0.67. Wa 1.5 wa uzi mmoja unasoma 1.38. Sasa kuna waya zinauzwa zimeandikwa 2.5 ukizimenya unakuta plastiki nene imevimba na ndani kuna kitu kidogo kimejificha kama mbegu ya embe la kienyeji, na nyingine ukikwangua kwa kisu ule wekundu unatoka ndani ni nyeupe, alminiamu iliyopakwa kopa. Hizo ukizibeba tu mkono unajua, kopa ni nzito mara tatu na zaidi ya alminiamu. Sisemi alminiamu ni mbaya, laini zinazopita juu za umeme ni alminiamu, lakini alminiamu iuzwe kwa jina lake na kwa saizi yake, sababu kwa unene ule ule inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa.

Na mwezi wa sita na wa saba baridi yetu inapokuja mtu anatoa ekstenisheni ya kuchajia simu anachomeka hita ya wati 2000. Hiyo hita inavuta karibu ampia tisa, na kale kawaya ka 0.75 saizi yake ni kama sita, tena amekaviringisha vizuri kako chini ya zulia. Kwa dada yangu plastiki ilinuka usiku tukadhani ni jirani anachoma takataka.

Nirudi kwangu. Yule kijana wa duka tumeelewana, hakunirudishia hela na sikumlazimisha, ila nilimwachia venia yangu siku tatu apime mzigo wote na kuandika milimita kwa maka peni kwenye kila rola, na ameandika. Nilipita juzi nikakuta mzee mmoja wa Isyonje anauliza geji 12, kijana akamuuliza, ya nini babu, nguruwe au mbuzi? Wakaongea dakika kumi nzima pale kabla hajauza chochote.

Waya wangu wa 2.6 nimeuhamishia banda la kuku, unafaa. Ng'ombe kwa sasa yuko kwenye kamba anakula majani ya kukatiwa na ananitazama vibaya, na mzee wa jirani namdai... samahani, ananidai debe moja la maharage.

Ndaga fijo, asante sana.

Mama mfugaji,
Tukuyu, Rungwe