Mama zetu wa mashambani waandike barua, waulize pesa ya vikundi imefika wapi

Kwa Mhariri,

Naandika nikiwa hapa Kawangware, kwa meza ile ile nashonea nguo, na naomba uichapishe hata kama ni ndefu manake hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana. Ni kuhusu pesa za vikundi vya akina mama mashambani. Serikali inasema zipo, na akina mama wenyewe wanasema hawazioni.

Mama yangu ako kwa kikundi huko Ukambani, wako 17, wengi wao ni wajane na wamama wanaolea wajukuu. Kikundi chao hakikuanzishwa na serikali. Kwetu mwethya, yaani kusaidiana kazi kwa zamu, ulikuwako tangu zamani, leo watu wanachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho kwa la yule, na hata ukienda upande wa Mlima Kenya utasikia akina nyanya wakieleza vile walichangiana miaka ya sitini na sabini hadi kila mmoja akaezeka nyumba yake kwa mabati. Kwa hivyo mtu asiniambie hawa wamama hawajui kushika pesa. Kila Alhamisi kila mmoja anatoa shilingi 100, inaandikwa kwa daftari, na kama hukuweza kuja umetuma na jirani. Hilo daftari nimeliona kwa macho yangu na hesabu yake iko sawa mpaka shilingi ya mwisho.

Walichokuwa wanataka ni mkopo wanunue ndengu za wanachama wakati wa mavuno, waziweke stoo hadi bei ipande, badala ya kuuzia madalali kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kuleta karo. Wakajaza fomu za moja ya hizi hazina za serikali, sitaitaja ni gani wala ofisi ni ya wapi, manake nikiongea na wateja wangu kutoka Magharibi na Pwani nasikia hadithi ni ile ile. Wakaambiwa wangoje. Wakangoja msimu wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Wakienda wanaambiwa pesa haijashuka, mara faili iko Nairobi, mara mwenye kusaini ako mkutanoni, na wanaoenda ni watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila mmoja anapanda bodaboda halafu matatu kwa pesa ya kutoka mfukoni.

Sasa sikiza kilichofuata, manake uchungu wangu ndo uko hapa. Kikundi cha ng'ambo ya mto kikapata cheki, wakapigwa picha wameishika, picha ikazunguka kwa WhatsApp. Hapo ndo maneno yakaanza. Kama wale wamepata basi na yetu ilikuja, na kama ilikuja ni nani aliipokea? Mwenyekiti, mama wa watu ambaye alikuwa anauza kuku wake apate nauli ya kutufuatilia faili, akaanza kuangaliwa vibaya. Wanne wakajitoa kikundini. Kuna siku alifika Alhamisi akakuta watu wamenyamaza ghafla, akageuka akarudi kwake bila kukaa, na mama yangu akanipigia usiku akilia, akaniambia kikundi cha miaka 11 kinakufa hivi hivi na hakuna mtu ameiba kitu.

Mimi sikuwa najua cha kufanya. Ni mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua sketi yake akanikuta nikiongea na mama kwa simu, akaniuliza, mbona hamjaandika barua ya kuomba habari? Akanieleza kwamba kwa Katiba kuna kifungu cha 35, kila raia ana haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na kuna sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, inaeleza namna ya kuomba. Kumbe hulazimiki kusema unazitakia nini. Kumbe unaweza kuandika kwa Kiingereza ama Kiswahili. Na kama hujui kuandika, afisa mwenyewe ndo anatakiwa akusikilize, akuandikie ombi lako na akupe kopi. Kupeleka ombi hakulipiwi, wanaweza tu kukulipisha gharama ya kutoa kopi. Wana siku 21 za kukujibu, wanaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14, na wakinyamaza hesabu wamekukatalia.

Basi tukaandika, mimi kwa saiba hapa Kawangware, mama na mwenyekiti wakiwa kwa simu wananiambia. Ya kwanza tuliiharibu, tuliandika karatasi tatu za malalamiko, vile tumesumbuliwa, vile watu wameumia, na swali likapotelea humo ndani. Mwalimu akatuambia malalamiko ni kitu kingine na ombi ni kitu kingine. Tukaanza upya, ikawa nusu ukurasa. Tuliomba vitu vinne: majina ya vikundi vyote vya wadi yetu vilivyopewa pesa kwa miaka miwili ya bajeti, kila kimoja kilipewa ngapi na tarehe gani, vikundi vilivyoomba vikakosa na sababu ya kukosa, na kumbukumbu za mkutano wa kamati iliyokaa kuamua. Hatukuomba namba za vitambulisho vya mtu wala simu ya mtu, manake mambo ya mtu binafsi sheria inayalinda na tusingetaka kuwapa kisingizio. Mama akaipeleka mwenyewe, akakataa kuondoka mpaka kopi yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Huo muhuri ndo kila kitu, wasomaji wangu. Bila huo mtu atakuambia barua haikufika na huna la kumjibu.

Siku 21 zikaisha, kimya. Nikachukua ile kopi nikashika njia hadi Waiyaki Way, West End Towers, kwa ile Tume ya Haki za Kiutawala ambayo watu wanaiita Ombudsman, ndo yenye kusimamia hii sheria. Una siku 30 za kupeleka rufaa yako kwao, usilale. Nilikuwa naogopa, nilivaa nguo ya kanisani na bado nikaona kama mlinzi atanirudisha kwa geti. Hakunirudisha. Wana msemo wao, hata mnyonge ana haki, na siku hiyo niliusoma mara mbili nikiwa nimekaa nangoja. Tume ikaandikia ile ofisi. Jibu likakuja, karatasi mbili.

Mhariri, pesa ilikuwa imeshuka. Vikundi vilivyopewa vilikuwa vimeorodheshwa, na chetu hakikuwemo kabisa, wala hakikuwahi kufika mbele ya kamati, kwa sababu cheti cha usajili kilikuwa kimeisha muda na hakijafanywa upya. Ni hivyo tu. Karatasi moja. Misimu miwili ya ndengu, nauli zote hizo, urafiki wa watu ukavunjika, na hakuna mtu hata mmoja katika ile ofisi aliyefungua mdomo kusema mama, cheti chenu kimeisha, nendeni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii mkirekebishe. Nilikasirika kuliko kama ningeambiwa pesa imeibiwa, manake mwizi angalau unajua anataka nini.

Mama alisoma zile karatasi mbele ya kikundi Alhamisi iliyofuata, mstari kwa mstari, akitafsiri kwa Kikamba. Mwenyekiti alikuwepo. Watatu kati ya wale wanne wamerudi, wa nne bado.

Ndo maana nawaomba wale walio na wazazi mashambani, hasa sisi tuko hapa Nairobi karibu na maofisi makubwa, tusiishie kutuma M-Pesa. Hizi pesa ni nyingi na njia zake ni tofauti tofauti, na mama wa kijijini anaziita zote pesa ya serikali. Kuna hazina ya wanawake ya kukopesha, ilianza 2007. Kuna Uwezo, ilizinduliwa 2013 na bilioni 6 ambazo zilikuwa zimewekewa marudio ya uchaguzi wa rais yasiyofanyika, hiyo inapitia kwa kamati ya eneo bunge na kikundi kinarudisha. Kuna ile ya NGAAF, yaani National Government Affirmative Action Fund, tangu 2015, inapitia kwa ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na vikundi hupewa kama ruzuku, si mkopo. Ukiuliza mahali si pake unapoteza wakati, ingawa pia sheria inasema ofisi ikipata ombi la habari iliyo kwa ofisi nyingine ilipitishe huko ndani ya siku 5. Na kabla ya kuandika, cheki kwanza ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ziko kwa tovuti yake bure, unaweza kupata hazina unayoulizia ilikaguliwa vipi, halafu swali lako likawa na meno.

Kwa maofisa nina ombi moja. Hiyo sheria ya 2016 haisemi mngoje kuulizwa, inasema ofisi ya umma itoe yenyewe habari za kazi yake. Bandikeni orodha kwa ukuta wa chifu kila pesa ikitoka, waliopata, waliokosa na kwa nini wamekosa. Karatasi na gundi si gharama. Mkifanya hivyo hamtaniona mimi wala mama yangu na muhuri wake. Na nisiwasingizie, wengi wenu mko wachache na kazi ni nyingi, lakini mtu akikaa mbele yako ametoka mbali, mfungulie faili yake umwambie kuna nini ndani.

Na kwako Mhariri, ningeomba gazeti lichapishe mfano wa hiyo barua ya kuomba habari, kwa Kiswahili, iwe fupi, mtu abadilishe tu jina la kikundi na la ofisi. Hata kona ndogo inatosha. Kule kwetu gazeti likifika dukani linasomwa na mwenye duka, kisha na wateja, kisha linafungiwa sukari, na anayefika nalo nyumbani bado analisoma.

Binti wa mwanachama,
Kawangware, Nairobi