Msiilaumu Injini ya Elise, Angalieni Maji Yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tueleze jambo ambalo kurasa za magari hulipitia juu juu. Kila inapotajwa Lotus Elise, gari dogo la michezo, ya toleo la kwanza, lile lililoanza kutoka kiwandani Hethel, Uingereza, mwaka 1996, hazikosi kauli mbili: kwamba gari ni jepesi ajabu, na kwamba injini yake ya Rover ni mbovu, kazi yake kuunguza gasketi, kile kizibo chembamba kati ya silinda hedi na bloku. Ya kwanza ni kweli. Ya pili imewafanya watu wang'oe injini nzima kwa kosa la mpira wa maji uliolegea, na wengine wamemwaga fedha kwenye kuongeza nguvu za gari ambalo rejeta yake inavuja. Sisi tunaoyafungua na kuyaendesha magari haya tunasema fedha ziende kwanza kwenye maji, zifuate tairodi za nyuma na tairi. Nguvu za injini zisubiri.

Na kwa kweli nguvu si tatizo. Injini hiyo ya Rover, iitwayo K, yenye sentimita za ujazo 1,796, hutoa nguvu za farasi 118 hivi. Gari lilipozinduliwa lilitajwa kuwa na kilo 725. Kwa uzito huo hakuna haja ya nguvu zaidi ili kufurahi barabarani, na kila farasi anayeongezwa huongeza joto la kuondolewa na mfumo uleule mdogo wa maji.

Ubaya unaosemwa una sababu zake, na sababu hizo zinaeleweka. Injini imejengwa kwa matabaka: silinda hedi juu, chini yake bloku, kisha fremu inayoshika beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na chini kabisa reli ya mafuta. Boliti 10 ndefu hupita kutoka juu ya hedi hadi kwenye reli hiyo na kuyabana matabaka yote kwa pamoja. Laina za silinda, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimepachikwa ndani ya bloku, zikakalia ukingo ulio ndani yake. Kwa hiyo uhai wa gasketi unategemea laina kusimama juu kidogo ya uso wa bloku, hedi kuwa bapa, na matabaka kutohama. Magari ya mwanzo yalitoka na pini za plastiki za kuelekeza hedi. Hedi ikipanuka na kusinyaa kwa joto mwaka hadi mwaka, ilisogea, na ukingo wa mpira uliobandikwa kwenye gasketi ukabanduka.

Hapo ndipo maji yanapoingia kwenye hadithi. Injini hii hubeba maji machache ndani yake, na themostati, vali inayofunguka kwa joto, imewekwa upande ambao maji huingilia injini, si upande yanapotokea. Katika Elise injini iko nyuma ya viti na rejeta iko puani mwa gari, mabomba yakipita ndani ya boriti za pembeni. Themostati inapofunguka, maji yaliyopoa kule mbele huja kwa mkupuo na kuikuta hedi imeshapata moto. Ukiondoka kwa kasi injini ikiwa ya baridi, mishtuko hiyo hujirudia mara kadhaa katika dakika chache. Ndiyo maana tunasisitiza mwendo wa taratibu mwanzoni, chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika, wala usiishie pale kipimo cha maji kinapoonyesha nyuzi 80. Mafuta huchelewa kupata joto kuliko maji. Yape dakika nyingine 10 za mwendo wa kawaida.

Kuna mtego katika kipimo hicho cha maji. Kitambuzi chake hufanya kazi kikiwa kimezama. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa au mvuke, na namba kwenye dashibodi inaweza kusimama au hata kushuka wakati hedi inaungua. Namba ikishuka ghafla bila sababu, zima injini papo hapo, usisubiri kufika. Usifungue kifuniko cha tangi la maji mpaka mpira wa maji ushikike kwa mkono bila kukuunguza.

Maji yakipungua, usikimbilie kulaumu gasketi ya hedi. Kagua kwanza rejeta: ina kiini cha alumini na vichwa vya plastiki, na maungio yake huanza kutokwa na jasho baada ya miaka. Iko mahali pagumu kuonekana, kwa hiyo tafuta mabaki meupe au ya rangi ya kizuia kuganda chini ya pua ya gari. Kagua gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa, ambayo huvujisha maji taratibu na kudanganya mafundi wengi. Kagua vibano vya mipira na pampu ya maji. Ukishamaliza hayo, pima kama kuna gesi ya moshi ndani ya maji kwa kemikali ya buluu inayogeuka njano. Kipimo hicho ni rahisi na hujibu swali moja kwa moja. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha mafuta peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana gari la safari fupi hukusanya unyevu pale hata likiwa zima kabisa. Mipira ya maji kuwa migumu asubuhi kabla ya kuwasha, hiyo ni dalili nzito zaidi.

Ikibidi kufungua hedi, fundi asizungushe krenki hata kidogo kabla ya kuzibana laina kwa bolti na washa. Laina ikiinuka, muhuri wake wa chini huachia, na utafunga hedi mpya juu ya injini ambayo sasa inapitisha maji kwenye mafuta. Kosa hili limeharibu kazi nyingi nzuri. Kisha pima urefu wa laina juu ya bloku kwa kipimo chenye uso na mshale kama saa: ziwe zimeinuka karibu milimita 0.1, zilingane, na isiwepo hata moja iliyozama. Laina zikiwa chini, gasketi yoyote utakayonunua itaungua tena, iwe ya bei gani. Hedi ipimwe ubapa kwa rula ya chuma, na kama gari liliwahi kuchemsha vibaya, ipimwe na ugumu wake, kwa kuwa alumini iliyopata moto mkali hulainika na laina huizamia. Kuichonga hedi laini hakuirudishii ugumu.

Weka pini za chuma, na gasketi ya matabaka ya chuma pamoja na bati lake pale hali ya hedi inapodai. Boliti hukazwa kwa nyutoni-mita 20, kisha nusu mzunguko, kisha nusu mzunguko tena, kila hatua ikamilike kwa boliti zote 10 kwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Tia alama ya rangi kwenye kila kichwa cha boliti usije ukapoteza hesabu. Maadamu uko hapo, badilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji pamoja, kwa sababu mkanda huo ndio unaoizungusha pampu, na ukikatika vali hugonga pistoni. Usihesabu kilomita tu, magari haya hukaa sana. Mkanda uliozidi miaka 4 au 5 tunauona umechoka hata kama umetembea kidogo.

Wapo wanaohamisha themostati na kuiweka ile ya nje yenye njia ya kupunguza shinikizo, iliyobuniwa kwa ajili ya injini hizi hizi. Tunaunga mkono. Ni kazi ya mchana mmoja na hupunguza ule mshtuko wa baridi.

Kujaza maji nako kunahitaji subira. Changanya kizuia kuganda na maji safi nusu kwa nusu. Fungua skrubu ya hewa ya rejeta, weka hita kwenye joto la juu, jaza polepole kupitia tangi la nyuma huku ukiifinya mipira kwa mkono, na ufunge skrubu maji yakitoka bila mapovu. Washa injini hadi feni ijiwashe na kujizima, acha ipoe kabisa, ongeza. Rudia kesho yake. Hita ikitoa baridi wakati injini ina moto, bado kuna hewa ndani, na safari ndefu haifai.

Sasa tairodi za nyuma, ambazo kwetu ni jambo la usalama kuliko injini. Kila gurudumu la nyuma lina tairodi inayolishikilia lisigeuke. Bolijointi (kiungo cha tufe) yake ya ndani imeshikwa upande mmoja tu, hivyo pini hubeba nguvu ya kupinda kila unapopiga kona. Ikikatika, gurudumu la nyuma hujielekeza litakako, na hakuna dereva anayeliwahi. Inua gari, shika tairi kulia na kushoto, tikisa. Mchezo wowote, badilisha. Kwa gari linalopelekwa kwenye njia za mashindano, weka seti iliyoimarishwa inayoshika pini pande zote mbili. Kisha pima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, upya, lakini baada ya kupima kimo cha gari na kulibebesha uzito wa watu kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Alaimenti iliyopimwa gari likiwa tupu ni karatasi nzuri tu.

Tairi za asili ni 185/55 R15 mbele na 205/50 R16 nyuma. Wembamba wa mbele si ubahili. Umewekwa makusudi ili mbele ianze kuteleza kabla ya nyuma, dereva apate onyo. Anayefunga tairi pana mbele kwa ajili ya sura analiondoa onyo hilo. Soma tarakimu nne za tarehe ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi za magari haya huzeeka kabla ya kuisha, na mpira mgumu wenye kashata nzuri ndio unaopeleka wengi mtaroni siku ya mvua.

Breki hazina busta ya kuusaidia mguu wala ABS ya kuzuia magurudumu yasijifunge. Mguu uwe mzito, na tone la kwanza la mvua likubadilishie mahali pa kuanza kufunga. Magari ya mwanzo kabisa yalikuja na diski za mchanganyiko wa alumini, ambazo zina padi zake maalumu. Ukizifunga padi za diski za chuma utaziua diski. Wengi wamehamia diski za chuma, na hatuoni ubaya.

Kuendesha kwenyewe kuna kanuni moja ambayo gari la injini mbele halikufundishi kwa ukali huu. Uzito mwingi uko nyuma ya dereva na umekusanyika karibu na kitovu cha gari, ndiyo maana linageuka upesi. Kwa sababu hiyo hiyo, likianza kuzunguka huzunguka upesi. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito huhamia mbele, tairi za nyuma hukosa mzigo, na mkia hutoka. Malizia kufunga breki gari likiwa limenyooka, ingia kona ukiwa na mafuta kidogo mguuni, ongeza taratibu usukani unaponyooka. Ukiogopa katikati, punguza mguu kidogo kidogo, usiuondoe.

Mnunuzi naye aanzie chini ya gari, si kwenye rangi. Chasisi ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi ya epoksi, ina kilo 68 tu, na haichomelewi. Iliyopinda hubadilishwa nzima. Kagua boriti za pembeni kwa makovu ya jeki iliyowekwa mahali pasipo pake, angalia kutu nyeupe pale chuma kinapogusana na alumini, na uone kama vipande vikubwa vya mwili vya faibaglasi, mbele na nyuma, vina nyufa za nyota karibu na boliti. Kisha omba karatasi za kazi ya gasketi. Kama ilifanyika, iandikwe laina zilipimwa ngapi. Muuzaji anayejibu swali hilo kwa namba ana gari linalostahili kujaribiwa barabarani.

Wamiliki na mafundi wa Elise za toleo la kwanza