Barua ya wazi kwa Mheshimiwa anayesimamia afya jimboni mwetu

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Katuba, Lubumbashi. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazikujibiwa, na kwa sababu juma lililopita dozi ya mama yangu, anayeugua kansa ya titi, imetupwa. Umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi muuguzi alinifungulia friji ya dawa, maji yakichuruzika mlangoni, karatasi za chupa zimelowa na kubanduka, kipimajoto kinasoma digrii 21. Doksorubisini ya maji, ile dawa nyekundu ya kansa anayodungwa mama, hutunzwa kati ya digrii 2 na 8. Muuguzi alikataa kumdunga mama, na alifanya vema.

Mwaka jana, mbele ya walimu na wauguzi, ulituahidi kwamba dawa za chembe za nano, yaani dawa zinazobebwa na chembe ndogo mno, zitafika hapa. Mimi nafundisha kemia, nikafurahi sana. Doksorubisini hudhuru moyo kadiri dozi zinavyoongezeka, na moyo wa mama umeanza kuchoka. Chembe inayoishikilia dawa katika damu, yenye pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi ikizidi) ya karibu 7.4, kisha ikaiachia ndani ya uvimbe, ambako asidi huzidi na pH huweza kushuka hadi karibu 6.5, ingemwepusha na mateso mengi. Nyingine hutengenezwa ziachie dawa uvimbe unapopashwa joto la digrii 40 hadi 42. Nyingi kati ya hizo zingali katika majaribio. Hata hivyo, doksorubisini iliyofungwa katika vifuko vidogo mno vya mafuta, isiyongoja asidi wala joto, iliruhusiwa Marekani tangu 1995, nayo pia hudai digrii 2 hadi 8.

Basi, Mheshimiwa, hata ungeileta kesho, ingeharibikia katika friji ileile! Siku hiyohiyo uliahidi paneli za jua kwa friji za hospitali; maneno yako niliyaandika daftarini. Nadhani fedha zilielekezwa kwingine, kwa maana jimbo linaloiuzia dunia shaba na kobalti haliwezi kushindwa na paneli na betri za friji moja. Wasaidizi wako wanatuambia twende kutibiwa Lusaka, Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwa nauli ipi? Tumekwisha kuuza hata cherehani iliyokuwa ikimlisha mama.

Naomba friji isiyozimika, Mheshimiwa. Ya nano tutayadai baadaye. Friji naiomba sasa, kabla dozi nyingine ya mama haijaletwa.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa kemia, Katuba