Wito wa Harambee: Nyumba ya Kusubiria Kujifungua kwa Akina Mama wa Visiwani Ukerewe

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa waumini wa kigango chetu, wana kisiwa mlioko nyumbani na mlioko Mwanza, Dar es Salaam na nje ya nchi, pamoja na ndugu zetu wa madhehebu na dini nyingine ambao siku zote tumeshirikiana katika raha na shida: kamati ya afya ya kigango, kwa idhini ya Baba Paroko na baada ya kukaa na serikali ya kijiji, inawaandikia kuomba michango ya kukamilisha nyumba ya kusubiria kujifungua mjini Nansio, katika kiwanja kilicho jirani na hospitali ya wilaya. Msingi umekwisha kujengwa kwa nguvu za waumini, na kiasi kinachohitajika sasa ni shilingi milioni 62. Tunajua wengi wenu mlitegemea tuombe boti, kwa hiyo mtuvumilie tueleze jinsi tulivyofikia uamuzi huu.

Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na kisiwa chetu ni miongoni mwa vile vyenye zahanati peke yake. Muuguzi mkunga wetu anaweza kumzalisha mama ambaye uchungu wake unakwenda sawasawa, kumchoma sindano ya oksitosini mara mtoto anapotoka ili kizazi kijikaze, na kumwanzishia dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti mwenye dalili za kifafa cha mimba. Zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezea, na kwa ngazi yake haikukusudiwa kuwa navyo. Mama ambaye mtoto amekataa kushuka, au ambaye damu imekataa kukatika, ni lazima avuke maji.

Kliniki huwatambua mapema baadhi ya wanaohitaji kuvuka: mwenye kovu la upasuaji, mwenye mimba ya mapacha, mwenye presha ya juu, ambaye mtoto amekaa vibaya, na mwenye uzao wa tano na kuendelea. Hawa huandikiwa kwenye kadi kwamba wakajifungulie hospitali. Hata hivyo, inakadiriwa kuwa katika kila wajawazito 100, takriban 15 hupata tatizo linalohatarisha uhai, na wengi wao hawakuwa na alama yoyote kwenye kadi. Kondo la nyuma huweza kuachia kabla ya wakati, kitovu kikatangulia mbele ya kichwa cha mtoto, au kichwa kikatoka na mabega yakakwama, na yote hayo yakampata mama ambaye wiki iliyotangulia aliambiwa kila kitu kiko vizuri, naye aliyemwambia hivyo hakukosea.

Wataalamu wa uzazi wana makadirio ya muda ambayo tunayarudia katika kila mkutano wa jumuiya. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, asipopata msaada, huweza kufariki katika muda wa saa mbili hivi. Aliyepasuka kizazi ana kama siku moja, mwenye kifafa cha mimba siku mbili, na ambaye uchungu umemkwamia kama siku tatu, ingawa mtoto wake mara nyingi hatafika huko. Yalinganisheni makadirio hayo na safari yetu, ambayo kwa mtumbwi wa mashine huchukua zaidi ya saa moja ziwa likiwa limetulia, na pepo za msimu zikivuma hakuna nahodha mwenye akili atakayeondoka usiku. Wavuvi mnaelewa jambo jingine ambalo wageni hawalijui: usiku wa giza, dagaa wanapofuata taa, mitumbwi yote yenye mashine huwa kazini katikati ya ziwa, na mwaloni hubaki mitumbwi ya makasia. Mitumbwi hupatikana kwa urahisi wakati wa mbalamwezi, lakini uchungu haufuati mwezi.

Mmoja wa akina mama wa kigango ametuidhinisha tueleze yaliyompata, pasipo kumtaja. Alikuwa amezaa watoto wanne hapa hapa kisiwani bila shida. Uzao wa tano ulimkuta kadi yake imekwisha kuandikwa kwamba aende Nansio, lakini huko hakuwa na ndugu wa kumpokea, na nauli pamoja na chakula cha kusubiri siku zisizojulikana havikuwepo, basi akaamua kubaki kama alivyobaki mara zilizopita. Uchungu ulianza jioni. Mkunga akamfungulia patografu, ile karatasi ya kuchora mwendo wa uchungu, na mpaka usiku wa manane njia ilikuwa imefunguka sentimita saba na ikasimama hapo. Mtoto alikuwa amegeuka, bega ndilo lililotangulia. Mtumbwi ulipatikana alfajiri. Alifanyiwa upasuaji akiwa na kizazi kilichokwisha kupasuka. Yeye alipona, mtoto hakupona, na madaktari walilazimika kuondoa kizazi.

Tunasimulia haya pia kwa sababu ya maneno yaliyosemwa usiku ule pembeni ya zahanati, kwamba mama aungame alikotembea ndipo mtoto atoke. Kamati inasema wazi kwamba bega lililotangulia halina uhusiano wowote na uaminifu wa ndoa, na kwamba kila dakika inayotumika kumhoji mama anayeteseka imeibwa katika muda wake wa kuvuka. Vivyo hivyo dawa za miti shamba za kuongeza uchungu, ambazo bibi zetu hutoa kwa nia njema kabisa: zikimsukuma kwa nguvu mtoto ambaye hana mahali pa kupita, kitakachoachia ni kizazi.

Turudi kwenye boti. Kwa miaka ya karibuni serikali imeanzisha mfumo wa m-mama, ambapo kwa ajili ya mama mwenye dharura hupigwa simu bure kwenda namba 115 na usafiri ukatafutwa, na tunawasihi kila nyumba iandike namba hiyo ukutani. Boti yetu wenyewe ingeongeza nguvu, hilo hatulikatai. Lakini boti ya kigango inahitaji mafuta, nahodha anayelala tayari, mashine inayotengenezwa kila inapogoma, na bado ingeanza kufanya kazi baada ya tatizo kutokea, juu ya maji yale yale na upepo ule ule. Nyumba humvusha mama akiwa mzima, mchana, katika kivuko au mtumbwi wa kawaida wa abiria, wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake. Likimpata lolote kati ya tuliyoyataja, chumba cha upasuaji kiko upande wa pili wa barabara.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyumba za aina hii kwa maeneo ambayo huduma za dharura ziko mbali au hazifikiki kwa urahisi, huku likikiri kwamba ushahidi wake wa kitafiti bado ni mdogo. Nasi tumeulizia, tukagundua kwamba ziko nyumba kama hizi zilizojengwa vizuri zikabaki tupu. Sababu zake hazina siri: hakukuwa na jiko, choo kilikuwa mbali, mama alilazwa chumba kimoja na wagonjwa, au hakuna aliyemuuliza nani angebaki na watoto wake wadogo. Kwa hiyo kabla ya kuchora ramani tuliwakalisha akina mama peke yao, bila waume wala wazee wa kanisa, tukasikiliza. Walitaka mahali pa kupikia ugali wao wenyewe, nafasi ya mama mzazi au dada wa kumsindikiza, mlango unaofungwa kwa ndani, na maji karibu. Walitaka pia uhakika kwamba shamba la muhogo na watoto waliobaki nyumbani havitaachwa, na hilo la mwisho halijengwi kwa saruji. Jumuiya ndogo ndogo zimekubali kupanga zamu ya kuhudumia kaya ya kila mama atakayekuwa Nansio, na waume wameahidi mbele ya Baba Paroko kwamba hawatawazuia. Tutawakumbusha.

Kati ya shilingi milioni 62, milioni 44 ni za kuta, paa na vyumba vinane vya vitanda viwili, kimoja cha mama na kimoja cha msindikizaji. Milioni 11 ni za jiko, vyoo, bafu na tangi la kuvunia maji ya mvua. Na milioni 7 zitawekwa katika mfuko wa dharura wa mafuta ya mtumbwi, kwa ajili ya mama ambaye uchungu utamwanza kabla ya siku zake angali kisiwani. Huduma za wajawazito katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo kwa mujibu wa sera, hivyo hatuchangishi ada ya matibabu ya mtu yeyote. Nyumba itapokea akina mama wa visiwa vyote vya wilaya na wa imani zote.

Wapo watakaosema kwamba ujenzi wa aina hii tuiachie serikali. Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba kazi imefanyika: vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022, huku akina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya wakiongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Sisi tunaishi katika sehemu iliyobaki, ambako kituo kipo lakini si kile chenye kisu na damu. Tena Ukerewe tunajua michango inavyoweza kuzaa huduma, kwa kuwa baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama jirani na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, sehemu ya fedha za rambirambi ilielekezwa katika kupanua Kituo cha Afya Bwisya.

Harambee itafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, mara baada ya Misa ya pili, katika uwanja wa kigango. Walio mbali wapeleke ahadi zao kwa wenyeviti wa jumuiya walikotoka, ambao watatoa stakabadhi ya parokia kwa kila mchango. Asiyepewa stakabadhi adai. Wasio na fedha taslimu walete mbao, mabati, misumari, magodoro, sufuria au dagaa wa mnada. Saruji ipokelewe moja kwa moja mwalo wa Nansio na mwakilishi wa kamati, ili tusiivushe maji mara mbili. Hesabu za mapato na matumizi zitasomwa kanisani kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mpaka jengo likabidhiwe.